Vuta Mara Tatu

Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla majogoo wa kanda ya Rubondo hawajamaliza kubishana, Munezero alikuwa ameshapanga madumu yake mawili kwenye foleni ya maji. Foleni ya maji katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, haina adabu. Ukiinama kuokota kandambili yako, dumu lako linasogezwa nyuma na la mwingine linakaa mbele, na mwenye dumu hilo anatazama mawingu kana kwamba ameitwa kutabiri mvua. Kwa hiyo Munezero hakuwa mtu wa kuinama ovyo.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, mwembamba, mwenye macho yanayoona kila kitu na ulimi unaopenda kuongeza kidogo juu ya kila kilichoonwa. Akikutana na nyoka mwenye urefu wa rula, mpaka afike nyumbani nyoka huyo ameshakuwa mrefu kama kamba ya kuanikia nguo. Mama yake alikuwa amemzoea. "Toa nusu," mama alikuwa akiwaambia majirani, "kisha toa nusu tena. Kitakachobaki ndicho alichokiona Munezero."

Jumamosi hiyo bomba lilikuwa limefungwa kwa sababu Mzee Natanaeli alikuwa akisafisha tangi. Mzee Natanaeli alikuwa fundi wa maji, Mrundi wa Rumonge, mfupi, mwenye mabega mapana na mguu wa kulia uliokataa kukunjika. Tangi lenyewe lilikuwa refu kuliko nyumba, na juu yake palikuwa na tundu ambalo mtu mzima hupita kwa kujibana. Mzee alijifunga kamba kiunoni, akapanda ngazi, akatumbukia ndani. Ncha ya pili ya kamba ilishikwa na mkewe, Mama Bernardine, aliyekaa chini juu ya jiwe. Watu walimwamkia, hakuitikia. Mama Bernardine akishika kamba hakuwa na habari na mtu mwingine duniani, na hakukubali mtu mwingine aishike.

Watoto wote wa foleni walijua lugha ya kamba ile. Kuvuta mara moja maana yake niko salama. Mara mbili, nilegezee. Mara tatu, nimekwama, nitoe. Kila baada ya muda mfupi kamba ilitikisika mara moja, na Mama Bernardine akajibu mara moja. Watoto walikuwa wameifanya lugha hiyo kuwa mchezo wao, wakifungana kamba za migomba na kuvutana mpaka mmoja aanguke.

"Mama Bernardine," aliuliza Cyiza, mvulana wa Kikongo aliyesoma na Munezero darasa moja, "mule ndani kuko nini mpaka munavuta kamba kila saa?"

"Kuko mutu," alijibu Mama Bernardine, macho kwenye kamba.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu Madinah aliingia darasani na karatasi mkononi. Alikuwa mwenyeji wa Mbarara, Mwislamu mwenye mtandio uliokunjwa kwa uangalifu, na Kiswahili chake alikipata sokoni kabla ya kukipata vitabuni. Alisema kwamba kungekuwa na mashindano ya Kiswahili mjini Mbarara kwa wanafunzi wa darasa la sita na la saba. Kila shule ingesimulia maisha ya mtu mmoja aliyekwenda kutafuta kitu ambacho wengine hawakukijua, au aliyebuni chombo ambacho hakikuwapo.

"Mimi sitaki hadithi ya sungura," alisema. "Nataka mtu wa kweli na mambo yake ya kweli. Mumenisikia? Mwenye atashinda, akimaliza la saba, iko na nafasi kwa sekondari ya bweni Mbarara. Kulala, kula, vitabu, mpaka amalize."

Munezero alimfikiria dada yake Élyse. Élyse alimaliza darasa la saba mwaka juzi kwa alama ambazo mwalimu mkuu alizisoma kwa sauti mbele ya shule nzima, na tangu siku hiyo, kwa kukosa karo ya sekondari, dunia yake ilikuwa shamba la mahindi, jiko na foleni ya maji. Alikuwa bado na sweta lake la shule, jekundu, amelikunja kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Wakati mwingine alilitoa, akalikung'uta, akalirudisha. Munezero alikuwa akimwona na kugeuza uso ukutani, maana aliona pale mwaka wake mwenyewe unaokuja.

Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa Mzee Natanaeli na daftari.

"Weye unataka kujua maisha yangu?" Mzee alicheka. "Leta kikombe na beseni."

Alijaza beseni maji, akabandika kipande cha karatasi chini kabisa ndani ya kikombe, akakipindua kikombe mdomo chini, akakizamisha chote. Alipokitoa, karatasi ilikuwa kavu.

"Unaona? Hewa imekaa ndani, maji imekosa fasi ya kuingia. Sasa fikiri kikombe kikubwa cha chuma, mutu amekaa ndani. Ndiyo kengele yangu ya kushukia ziwani."

Akasimulia. Baba yake alikuwa mvuvi wa ndagala, yaani dagaa, kwenye Ziwa Tanganyika. Usiku mmoja Natanaeli, akiwa mtoto, aliangusha taa ya betri ndani ya maji, akaitazama ikishuka, ikashuka, mpaka ikawa chembe, ikapotea. Aliuliza inaishia wapi. Hakuna mvuvi aliyejua. Baba alimchapa kwa ajili ya taa, lakini swali halikutoka. Alipokuwa na miaka ishirini na sita alipata tangi la chuma lililotupwa kwenye kinu cha mawese, akalikata, akalichomelea, akaliwekea kioo kinene na benchi la kukalia. Akatafuta mpira mrefu na pampu ya mkono ya kumpelekea hewa kutoka juu. Mitumbwi miwili ilifungwa pamoja ili kubeba kengele. Aliyepiga pampu na kushika kamba alikuwa mdogo wake, Jean-de-Dieu.

"Watu walisema nimerogwa," alisema Mzee. "Mama aliita padri. Padri akaja, akaangalia, akaniuliza kama iko na fasi ya watu wawili."

Mara ya kwanza alishuka mita nane. Mara ya pili mita kumi na saba, na hapo aliona miamba chini ya maji na samaki wa manjano wenye mistari, wengi mpaka kioo kikajaa, samaki ambao wavu haukuwahi kuwapandisha. Aliwachora kwenye daftari la shule. Alipowataja, uso wake ulirudi ujanani.

"Na mara ya tatu?" Munezero aliuliza, kalamu tayari.

Mzee Natanaeli alikigeuza kikombe mkononi. "Mara ya tatu tutaongea siku ingine."

Mama Bernardine alikuja, akachukua beseni, akamwaga maji nje.

Munezero alirudi Jumanne, akaambiwa kesho. Alirudi Jumatano, akaambiwa Mzee ana kazi. Karatasi ilitakiwa Ijumaa asubuhi. Alhamisi jioni alikaa mbele ya daftari na safari mbili nzuri na shimo pale ambapo safari ya tatu ilitakiwa kuwa. Hadithi isiyo na mwisho haishindi, alijua hivyo vizuri. Akaanza kutia chumvi, kidogo tu. Aliandika kwamba mara ya tatu Mzee alishuka zaidi. Zaidi mpaka wapi? Alifungua kitabu cha jiografia, akakuta Ziwa Tanganyika lina kina cha mita elfu moja mia nne na sabini. Basi Mzee akafika huko. Aliokota jiwe jeupe kutoka sakafu ya ziwa. Alipotoka, wakubwa walimpigia makofi, na ndugu yake Jean-de-Dieu akamkumbatia, wakacheka pamoja mpaka jua likazama.

Ilikuwa nzuri. Munezero mwenyewe alisisimka alipoisoma.

Jumatatu Mwalimu Madinah alimwita ofisini. Alikuwa amevua miwani, na macho yake yalikuwa na unyevu. "Munezero, hii yote amekuambia yeye mwenyewe?"

Hapo palikuwa na nafasi, tena kubwa. Angeweza kusema sehemu mbili ndiyo, ya tatu hapana.

"Ndiyo, mwalimu," alisema.

Kuanzia hapo hakupata tena usingizi mzuri. Karatasi yake ilichaguliwa na shule, jina likapelekwa Mbarara, na habari ikafika kwenye foleni ya maji kabla yake. Watu waliokuwa wakimsukumia dumu nyuma sasa walimpisha mbele, naye alijaza maji akiwa ameinamisha kichwa. Alijaribu kusema. Alimfuata mwalimu barazani na kuanza, "Mwalimu, ile sehemu ya tatu..." na mwalimu akamkatiza: "Ile ndiyo imemliza mwalimu mkuu. Usiguse hata nukta." Munezero akarudi darasani.

Alijaribu kwa Mzee. Alimkuta uani na miwani ya kuchomelea, akitengeneza pipa kubwa la mafuta liwe mfano wa kengele, ili hadhira ya Mbarara ione. Alikuwa amelikata dirisha, ameliwekea mfuniko na tundu la kamba. Munezero angekaa ndani. Cyiza, mwenye sauti nzuri, angesoma. Mzee angeshika kamba nje, na kila sehemu ikiisha Munezero angevuta mara moja.

"Mzee, hutaki kusoma kwanza nilichoandika?" Munezero aliuliza. Aliomba moyoni aseme ndiyo.

"Hapana," alisema Mzee. "Mutu akisoma maisha yake kabla ya watu, ataanza kujipamba. Nitasikia kule kule. Mimi nakuamini."

Munezero aliangalia cheche zikianguka ardhini, akamshikia pipa lisiyumbe.

Usiku wa kuamkia safari, Élyse alimletea lile sweta jekundu. Lilikuwa kubwa, mikono ikaning'inia. Élyse alipiga magoti, akaikunja mikono ile taratibu, moja baada ya nyingine.

"Weye ukitoka hapa," alisema, "na mimi nitakuwa nimetoka kidogo."

Baada ya maneno hayo Munezero aliona hakuna tena njia. Akisema ukweli, anamfungia Élyse mlango kwa mara ya pili. Akinyamaza, basi aendelee kunyamaza maisha yake yote. Alilala na sweta mwilini, akisikia joto, na hakulivua.

Asubuhi walisafiri kwa gari la Umaru, kaka yake Mwalimu Madinah, mfanyabiashara wa mahindi aliyekuwa akirudi mjini. Pipa lilifungwa nyuma juu ya magunia.

"Ssebo, hii pipa iko na kazi gani?" Umaru alimuuliza Mzee kwa heshima.

"Ya kwenda chini ya maji."

"Banange," alishangaa Umaru. "Mimi hata kwa mvua naogopa." Wote walicheka isipokuwa mmoja. Migomba ya Isingiro ilipita dirishani, kilima baada ya kilima, na Munezero alitamani barabara isiishe. Iliisha. Mbarara ilifika na bodaboda zake na maghorofa yake, na kabla hajapata pumzi wakawa tayari ndani ya ukumbi wenye viti mia tatu, vyote vimejaa.

Shule yao iliitwa ya tano. Mzee Natanaeli alikuwa amevaa koti la kijivu lililonyooshwa kwa pasi mpaka linang'aa. Alimsaidia Munezero kuingia ndani ya pipa, akampa ncha ya kamba. "Usiogope," alimnong'oneza. "Niko hapa." Akafunga mfuniko.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya mafuta ya zamani. Magoti ya Munezero yaligusa kidevu. Kupitia dirisha dogo aliona kiatu cha Cyiza na kipande cha jukwaa, basi. Sauti ya Cyiza ilikuja nzito kupitia chuma. Alisoma habari za taa iliyozama, baba, kinu cha mawese, padri. Ukumbi ulicheka kuhusu padri. Mita nane. Munezero akavuta mara moja, na upande wa pili Mzee akajibu mara moja, kwa nguvu, kwa furaha.

"Salama!" Mzee alitangazia ukumbi.

Mita kumi na saba. Samaki wa manjano. Munezero akavuta, Mzee akajibu.

"Salama!"

Kisha Cyiza akafungua ukurasa wa tatu, na Munezero akausikia uongo wake mwenyewe ukisomwa kwa kipaza sauti mbele ya watu mia tatu, naye amefungiwa ndani hawezi hata kuziba masikio, maana mikono ilikuwa imebanwa. Mita mia. Mita mia tano. Mita elfu moja mia nne na sabini. Ukumbi ukatoa mguno wa kustaajabu. Jasho lilimtiririka ndani ya sweta la Élyse. Jiwe jeupe. Makofi ya wakubwa.

"Na alipotoka majini," Cyiza alisoma, "ndugu yake Jean-de-Dieu akamkumbatia, wakacheka pamoja mpaka jua likazama."

Kamba ikalegea mkononi mwa Munezero. Haikuvutwa wala kutikiswa, ilianguka tu, kwa sababu mkono uliokuwa umeishika nje ulikuwa umefunguka. Munezero hakujua kwa nini. Alijua tu kwamba amemuumiza Mzee Natanaeli mahali pabaya, na kwamba Mzee amesimama huko nje mbele ya watu wote, hana pa kukimbilia, kama yeye.

Sasa alitakiwa kuvuta mara moja. Ingekuwa mwisho. Wangepiga makofi, angetolewa, pengine angeshinda. Akilini alimwona Élyse akikunja mikono ya sweta. Hewa ndani ya pipa ilikuwepo ya kutosha, lakini alikuwa hawezi kupumua.

Ukumbi ulingoja.

"Munezero," Cyiza alinong'ona karibu na dirisha, "vuta! Batu banangojea."

Munezero aliishika kamba kwa mikono miwili. Akavuta. Akavuta tena. Akavuta tena.

Halafu alisikia hatua, moja nzito na moja ya kuburuta, na mfuniko ukafunguka. Mwanga ulimpiga machoni. Uso wa Mzee Natanaeli uliinama juu yake. Haukuwa na hasira. Ulikuwa umelowa.

"Umevuta tatu," alisema Mzee.

"Ndiyo."

"Ni mchezo, ao ni kweli?"

"Ni kweli, Mzee. Nimekwama."

Mzee alimpa mkono, akamsimamisha. Kichwa na mabega tu vilitokeza nje ya pipa, na watoto wa safu ya mbele wakacheka, kisha wakaona uso wake wakaacha. Cyiza, asiyeelewa kitu, alimsogezea kipaza sauti.

"Sehemu ya tatu niliitunga mimi," alisema Munezero. "Mzee Natanaeli hakuniambia. Nilimuuliza akakataa, nikaandika ya kwangu. Cyiza hakujua. Mwalimu aliniuliza, nikamdanganya." Akamtafuta Mwalimu Madinah kwa macho, akamwona amekaa wima, mkono mdomoni. "Nisamehe, mwalimu. Mzee, nisamehe."

Mkuu wa waamuzi alikuwa mwalimu mstaafu aitwaye Rugamba, mwanamume mrefu mwenye nywele nyeupe. Aliweka kalamu chini. "Mzee," alimwambia Natanaeli, "hulazimiki kusema kitu. Lakini ukitaka, tunasikiliza."

Mzee Natanaeli aliiokota kamba.

"Haikuwa elfu," alisema. "Ilikuwa thelathini na moja. Siku ile kulikuwa wageni, wakubwa, wamesimama kwenye mitumbwi. Nilikuwa nimejisifu kwao. Nilipofika kumi na nane, pampu ikaanza kuchoka, maji ikapanda ndani ya kengele mpaka kwenye magoti. Jean-de-Dieu akavuta kamba, ananiuliza. Nikajibu mara moja. Salama. Maji ikafika kwenye kiuno. Akauliza. Nikajibu mara moja. Niliona haya kupanda mapema mbele ya wageni. Ikafika kwenye kifua, nikajibu mara moja tena. Halafu kengele ikakaa kwenye matope, na wavu wa zamani ukaishika. Ndiyo nikavuta mara tatu."

Aliizungusha kamba mkononi.

"Walivuta, wakashindwa. Nilikaa mule saa mbili, kidevu juu, naomba Mungu. Ndugu yangu akachukua kisu, akashuka bila kengele, bila hewa. Akakata wavu. Mimi nikapanda, wakanipandisha haraka haraka kuliko mwili unavyoweza, mguu huu ukabaki namna hii. Yeye hakupanda."

Mama mmoja katikati ya ukumbi alifanya ishara ya msalaba. Munezero, bado amesimama ndani ya pipa, alilia waziwazi, na Mzee akamwekea mkono kichwani.

"Miaka yote nimeona haya kusema," Mzee aliendelea. "Huyu mutoto amekaa ndani ya pipa dakika kumi, akavuta tatu mbele ya wageni. Mimi nilishindwa."

Waamuzi walijadiliana. Rugamba aliporudi hakupamba maneno. "Sheria ilisema mambo ya kweli. Karatasi hii haiwezi kushinda leo, na ni haki isishinde." Nafasi ilikwenda kwa msichana kutoka Kikagate, aliyesimulia jinsi bibi yake alivyobuni tanuri la kukaushia samaki. Munezero alimpigia makofi na ilimuuma kweli. Kisha Rugamba akamgeukia. "Wewe uko darasa la sita. Mwaka kesho njoo tena. Nataka kusikia mita thelathini na moja, kama zilivyokuwa."

Njiani kurudi, walipopita Isingiro, Mwalimu Madinah alimgeukia Munezero. "Umeniaibisha," alisema. "Mimi nimekasirika, nitakasirika mpaka Jumatano. Jumatano tunaanza kuandika upya." Umaru, aliyekuwa amekubali kuwarudisha, alikohoa kuficha kicheko.

"Mzee," Munezero aliuliza kwa sauti ndogo, "kwa nini hukunigombeza?"

Mzee Natanaeli alinyoosha mguu wake mgumu. "Sikia, mwanangu. Mutu aliye juu haoni chini. Hana macho, ana kamba tu. Ukimwambia salama na maji iko kwenye shingo, haumudanganye tu. Unamufunga mikono. Jean-de-Dieu angenitoa na maji kwenye magoti, kazi rahisi, na leo tungekuwa wazee wawili. Mwalimu wako angekusaidia siku ile alipokuuliza. Mama yako, dada yako, mimi. Wote tulikuwa juu tumeshika kamba. Mutu anayesema kweli mapema anawapa wenzake nafasi ya kumuokoa. Andika hiyo kwenye daftari, si lazima uongeze kitu."

Nyumbani Munezero alisimulia yote mbele ya mama na Élyse, bila kuruka hata sehemu iliyomtia aibu kubwa zaidi. Alipomaliza alivua sweta na kumrudishia dada yake, macho chini. Élyse alilishika, akalinusa, akakunja pua. "Linanuka mafuta," alisema. "Utalifua weye. Na mwaka kesho utalivaa tena."

Mama alikuwa amesimama, kijiko mkononi, sufuria ikichemka peke yake.

"Leo," alisema polepole, "sina nusu ya kutoa."

Jumamosi iliyofuata bomba lilifungwa tena. Mzee Natanaeli alijifunga kamba kiunoni, akaweka mguu kwenye ngazi. Mama Bernardine alikuwa amekaa juu ya jiwe lake. Alimtafuta Munezero kwa macho kwenye foleni, akamwita kwa kidole.

"Kaa hapa," alisema, akampisha kwenye jiwe. Akamwekea ncha ya kamba mkononi, akamfunga vidole vyake juu yake. Foleni nzima iligeuka kutazama.

Mzee alipotea ndani ya tangi. Munezero hakumtazama mtu, hakuitikia salamu ya mtu, na dumu lake lilisogezwa nyuma mara mbili bila yeye kujua. Baada ya muda kamba ilitikisika mara moja. Akajibu mara moja, akaendelea kuishika.